Barua ya wazi kwa wasimamizi wa hospitali: mgonjwa akiruhusiwa, anaishia wapi?

Kwenu wakurugenzi na waganga wafawidhi wa hospitali, maofisa wa wizara za afya, na ninyi mnaogawa mafungu ya utafiti,

Salaam na heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa kulazwa. Kazi yangu mnaijua: kupokea, kupima, kutoa dawa, kugeuza wasiojiweza, kuandika, kukabidhi zamu. Kila mwisho wa mwezi tunajaza fomu ya ripoti. Tunaandika waliolazwa, walioruhusiwa, waliofariki wodini, vitanda vilivyojaa, chupa za dripu zilizotumika. Fomu inapanda juu. Sijawahi kuona imerudi na swali.

Kuna jambo fomu hiyo haiulizi. Yule aliyeruhusiwa, siku 30 baadaye yuko wapi? Anatembea? Amelazwa hospitali nyingine kwa maradhi yale yale? Alizikwa wiki ya pili? Kwetu, mgonjwa akishakabidhiwa karatasi ya kuruhusiwa faili lake linafungwa, na kwenye takwimu zenu anahesabiwa kuwa amepona. Hata yule ambaye ndugu zake walimwondoa wakisema afadhali akafie nyumbani anaingia kwenye safu ile ile ya waliotoka wakiwa hai.

Ombi langu ni moja, na mengine yote humu yanatokana nalo: kila hospitali ijue kilichompata kila mgonjwa iliyemlaza hadi siku ya 30, na ijue kama alipewa tiba ambayo utafiti umeshathibitisha kuwa inafaa. Bila hesabu hiyo, utafiti wa kuboresha hali ya wagonjwa wa kulazwa utabaki kuwa habari ya makongamano.

Najua jibu la haraka litakuwa kwamba madaktari wazoefu wanajua kinachosaidia, maana wanakiona kila siku. Hapo naomba nikae kidogo.

Kwa miaka mingi mtoto aliyefikishwa hospitalini ana homa kali, mikono na miguu imepoa na mapigo ni dhaifu, alifunguliwa maji mengi ya haraka mshipani. Hoja yenyewe ilikuwa nyoofu: damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji, viungo vipate damu. Vitabu vilisema hivyo. Likafanyika jaribio lililoitwa FEAST katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, likiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,100 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi ya haraka, la pili maji ya haraka yenye albumini, yaani protini ya damu, la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa, ila huduma nyingine zilikuwa sawa. Wenye kuhara hawakuwemo, na hilo lisipitwe, maana mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji maji. Baada ya saa 48, katika makundi yaliyopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki watoto kama 10.5 katika kila 100. Katika kundi ambalo halikupewa, 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake.

Lililonikaa mimi ni la saa ya kwanza. Saa moja baada ya kuanza tiba, waliopewa maji ndio walioonekana kupata nafuu: dalili za damu kutozunguka zilikuwa zimeondoka kwa wengi zaidi miongoni mwao kuliko wenzao. Daktari aliyesimama kando ya kitanda na muuguzi aliyeshika kifundo cha mtoto, wote wangeapa kwamba dripu imefanya kazi. Hawakuwa wajinga wala wazembe. Tofauti ya watoto watatu katika mia haionekani kwa macho ya mtu mmoja hata akimaliza utumishi wake wote wodini, kwa sababu kila kifo kina maelezo yake kwenye faili na kila maelezo yanaridhisha. Inaonekana pale watu wengi wanapohesabu pamoja na kulinganisha kwa haki.

Si watoto peke yao. Walioumia kichwa walichomwa steroidi kwa miongo kadhaa ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Jaribio la CRASH, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000 na lililoanza kutoa matokeo mwaka 2004, lilikuta kwamba ndani ya wiki mbili walifariki 21 katika 100 kati ya waliochomwa, dhidi ya 18 kati ya wasiopewa steroidi. Sindano iliyotolewa kwa nia njema ilikuwa inaua.

Kwa hiyo kiongozi anaposema "hapa kwetu hatufanyi majaribio kwa wagonjwa", mimi husikia kitu kingine. Kila tiba inayotolewa kwa mazoea bila kupimwa nayo ni jaribio, tofauti ni kwamba halina daftari, halina kamati ya maadili, na mgonjwa hakuombwa ridhaa.

Corona ilipoingia mwaka 2020, sehemu nyingi za dunia ziligawa dawa kwa kukisia. Uingereza walianzisha jaribio la RECOVERY mwezi Machi, na kufikia katikati ya Juni walikuwa na jibu: deksamethasoni, dawa iliyokuwepo tangu miaka ya 1950 na ya bei ya chini, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia kitu. Mwezi huo huo jaribio lile lile lilionyesha kwamba haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikigombaniwa kila pembe, haiokoi wagonjwa waliolazwa.

Wengi husifu dawa. Mimi nasifu mpangilio. Wagonjwa waliandikishwa na madaktari na wauguzi wa kawaida wakiwa zamu, katika hospitali za kawaida, kwa fomu fupi. Swali kubwa lilikuwa moja: siku ya 28, mgonjwa yuko hai? Nimewahi kujaza fomu za mradi mmoja zilizouliza mpaka nyumba ya mgonjwa imeezekwa kwa nini, na hakuna ukurasa uliouliza kama alipona. Data zile zilisafiri kwenda kwa wenyewe, na sisi wodini hatukuletewa hata karatasi moja ya kutuambia kilichoonekana.

Nirudi kwenye mambo yanayowahusu ninyi moja kwa moja, kwa sababu utafiti mwingi wa wagonjwa wa kulazwa una jibu ambalo daktari hana uwezo wa kuliandika kwenye karatasi ya dawa.

Chukueni watoto wanaozaliwa na uzito mdogo sana, kati ya kilo 1 na 1.8. Desturi ilikuwa kumweka mtoto kwenye mashine ya joto mpaka atulie, ndipo apelekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu. Utafiti uliofanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2021, ulijaribu kuanza mara moja bila kungoja. Walioanza mara moja walifariki 12.0 katika 100 ndani ya siku 28. Walioanza baada ya kutulia, 15.7. Nao ulisimamishwa mapema, safari hii kwa sababu faida ilikuwa wazi mno kuendelea kuwanyima wengine.

Sasa tiba hiyo inataka nini? Inataka mama alale ndani ya chumba cha watoto mahututi. Kitanda cha mama, bafu la mama, na muuguzi anayejua kumwangalia mama aliyejifungua na mtoto mgonjwa kwa wakati mmoja. Hospitali ninazozijua zina wodi ya wazazi upande mmoja na chumba cha watoto upande mwingine, mlangoni pamebandikwa saa za kutembelea, na mama mzazi anahesabiwa mgeni. Mimi siwezi kusogeza ukuta. Daktari wa watoto hawezi. Anayeweza ni yule anayesaini ramani na bajeti, na sijui kama kuna siku mtu amemwekea mezani hizo namba mbili, 12.0 na 15.7, akamwambia kwamba zinasubiri saini yake.

Halafu kuna suala la idadi yetu, nalo najua linawachosha kulisikia. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wakachapisha mwaka 2002: kila mgonjwa mmoja anapoongezeka kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Mwaka 2014 walirudia katika nchi 9 za Ulaya, wakapata asilimia 7 tena. Ni uchunguzi wa kulinganisha hospitali, si jaribio la kura, na mtu ana haki ya kuhoji kama hospitali zenye wauguzi wachache zina matatizo mengine pia. Lakini nitawaonyesha kitu msichohitaji profesa kukiona. Ombeni mafaili kumi ya wodi yoyote yenye msongamano, mfungue chati za vipimo vya usiku, mtazame safu ya upumuaji. Mtakuta 20, 20, 20, 18, 20. Wagonjwa kumi wenye maradhi kumi, wote wanapumua mara 20 kwa dakika, na mwenye nimonia yumo.

Namba hiyo haijahesabiwa. Kuhesabu pumzi kunataka kusimama dakika nzima kando ya mtu, macho kifuani, bila kuitwa. Muuguzi mwenye wagonjwa 40 usiku anatakiwa apate dakika 40 za kazi hiyo peke yake, na bado hajapima joto wala presha, hajabadilisha dripu, hajamjibu anayelia kitanda cha mwisho. Na upumuaji ndiyo moja ya dalili za mwanzo kabisa kwamba mgonjwa anaanza kuzidiwa, mara nyingi kabla presha haijashuka. Kwa hiyo tunapozungumzia utafiti na data bora, data inaanzia hapo. Mkipeleka chati kama hizo kwenye kompyuta ya kisasa, mtapata 20 za kisasa.

Vifaa navyo vina hadithi zake. Nchini Papua New Guinea, hospitali 5 zilipewa vifaa vya kidoleni vya kupima oksijeni kwenye damu pamoja na mashine za kuzalisha oksijeni, wafanyakazi wakafundishwa kuvitumia na kuvitunza. Vifo vya watoto wenye nimonia vilishuka kutoka kama 5 katika 100 hadi 3.2, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2008. Katika wodi moja niliyopita kifaa hicho kilikuwepo, kizima, na betri zake. Kilifungiwa kabatini kisiibiwe, na ufunguo ulikuwa unakwenda nyumbani na msimamizi saa tisa na nusu alasiri. Kwenye orodha ya vifaa vya hospitali wodi hiyo ilionekana ina oksimita. Usiku haikuwa nayo.

Ndiyo maana naogopa pia maboresho ya tiki. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, kuanzia Ifakara hadi Toronto na London, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Vipengele 19 tu vya kusoma kwa sauti: huyu ni nani, tunapasua wapi, antibayotiki imetolewa, tumehesabu vifaa. Miaka mitano baadaye watafiti wakatazama hospitali 101 za jimbo la Ontario nchini Kanada, zilikoamriwa kutumia orodha hiyo, hawakuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kuzungumzia. Karatasi ilikuwa ile ile. Mimi mwenyewe nimeshuhudia fomu iliyotiwa tiki zote mgonjwa akiwa bado anasukumwa koridoni. Amri inaweza kuleta tiki, lakini haiwezi kumfanya muuguzi mdogo athubutu kumwambia daktari bingwa "tusubiri kwanza". Hilo linajengwa na nyinyi, kwa namna mnavyomtendea mtu wa kwanza aliyethubutu.

Dawa ya ugonjwa huo wa tiki ipo, nayo ni kupima kitu chenyewe. Kutokwa damu baada ya kujifungua kulikuwa kunakadiriwa kwa jicho, na jicho hukadiria pungufu. Katika utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wakunga waliwekewa shuka la plastiki lenye mfuko wa mistari ya vipimo. Damu ikifika mstari, hatua zote zinaanza kwa pamoja, bila kujaribu moja na kungoja ya pili: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, maji mshipani, na uchunguzi wa chanzo. Kufikia mwaka 2023 jibu lilikuwa mezani: waliopata madhara makubwa, yaani kuvuja damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au kufariki kwa sababu hiyo, walikuwa 1.6 katika 100, dhidi ya 4.3 katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani.

Nasikia pingamizi mbili. Ya fedha sitaijibu kwa urefu, kwa sababu karibu kila nilichotaja ni cha bei ndogo kuliko siku za ziada anazolala mgonjwa aliyezidiwa kwa kukosa kuangaliwa. Ya pili ni hofu, na hiyo naielewa. Hospitali ya rufaa inapokea waliokwisha shindikana kwingine, vifo vyake vitakuwa vingi, na gazeti litaandika kwamba ndiyo hospitali inayoua kuliko zote. Kwa hiyo hesabu lazima izingatie mgonjwa alifika akiwa katika hali gani, umri wake, maradhi yake, alichelewa kiasi gani. Wizara msipange hospitali kwa madaraja kwa kutumia namba ghafi. Linganisheni hospitali na yenyewe ya mwaka jana. Na kikao cha kujadili vifo kiwe mahali ambapo muuguzi anaweza kusema "usiku ule hatukuwa na oksijeni" bila kupokea barua ya kujieleza asubuhi yake. Siku namba hizi zitakapotumika kumfukuza mtu kazi, ndiyo siku upumuaji wa kila mgonjwa utarudi kuwa 20.

Ninyi mnaogawa fedha za utafiti, nina maneno machache tu. Ulizeni wodi kabla hamjaandika swali. Nyingi ya tafiti zinazopita kwetu zinachunguza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukikosea usingizi, wakati maswali yetu ya kila usiku hayana mwenyewe: mpira wa mkojo utolewe siku ya ngapi na nani mwenye mamlaka ya kuutoa, mgonjwa mzee aanze kutembezwa lini, nini kisemwe na nini kisiachwe tunapokabidhiana zamu. La kukabidhiana zamu lina jibu la kuanzia: mpango wa I-PASS ulijaribiwa katika hospitali 9 za watoto huko Amerika Kaskazini, na mwaka 2014 ukaripotiwa kupunguza makosa ya kitabibu kwa asilimia 23. Hauhitaji mashine, unahitaji dakika chache za utulivu na mpangilio mmoja wa maneno. Kwa nini haujajaribiwa wodini kwangu sijui, lakini nadhani ni kwa sababu hauna mashine ya kuzindua. Na mradi unapokwisha, vifaa vibaki, na matokeo yasomwe wodini kwa lugha tunayoongea, mbele ya waliojaza fomu.

Kwa wakurugenzi, ninachoomba kianze mwezi ujao ni kidogo. Kila wodi iteuliwe mtu mmoja, muuguzi au karani, mwenye saa zake maalumu zisizoibwa na zamu, simu ya ofisi na salio lake. Namba za ndugu tayari ziko kwenye jalada la kila faili. Mgonjwa aulizwe kabla ya kutoka kama anakubali kupigiwa, na siku ya 30 apigiwe: yuko hai, anaweza kufanya shughuli zake, amelazwa tena? Maswali matatu. Majibu yabandikwe kwenye chumba chetu cha kukabidhiana zamu kila mwezi, pamoja na safu ya nne ya wale ambao hawakupatikana. Miezi ya kwanza safu hiyo ya nne huenda ikawa ndefu kuliko zote. Ibandikeni hivyo hivyo.

Muuguzi wa wodi